Nyasi za uwanja na kiangazi cha Tabora: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila mwaka, miembe inapobeba embe changa na vumbi likianza kupanda barabarani, maswali ni yaleyale. Yanatoka kwa walimu wa michezo, walinzi waliokabidhiwa uwanja bila kuelekezwa kitu, mafundi bustani, na viongozi wa timu za kata. Hapa nimeyakusanya na kuyajibu kwa mambo niliyoyafanya kwa mikono yangu kwenye uwanja wa mpira hapa Tabora, na mengine niliyojifunza kwa watu wa viwanja vya gofu, maana hao ndio waliochunguza nyasi kuliko wote. Maswali yana namba ili jibu moja liweze kukupeleka kwenye lingine.

## Mambo ya kwanza

1. Uwanja wote umekuwa wa kahawia. Nyasi zimekufa?

Mara nyingi hapana. Ukoka, ambao ndio nyasi za viwanja vyetu vingi, ukikosa maji hulala. Majani hukauka, lakini shina linalotambaa juu na lile lililo chini ya ardhi hubaki hai likisubiri mvua. Kwa hiyo usiamue kwa rangi. Piga goti, shika shina moja, likwaruze kwa ukucha. Likiwa jeupe au la kijani ndani, na ukilikunja linapinda bila kukatika, liko hai. Likivunjika kama njiti ya kiberiti na ndani kukiwa kukavu tupu, hilo limekwisha.

Ukibaki na shaka, chimba kipande cha ukubwa wa sahani, kina cha sentimita 10, ukiweke kwenye beseni lililotoboka, ukimwagilie kidogo kila siku kwa wiki mbili. Mwaka mmoja nilichimba vipande vitano kutoka sehemu tano za uwanja na kuvipanga nyuma ya stoo. Siku ya tisa vinne vilikuwa vimetoa ncha za kijani nyembamba kama sindano. Cha tano, kilichotoka mbele ya goli la magharibi, hakikutoa kitu hadi mwisho. Hapo nikajua ni wapi pa kupanda upya na wapi pa kuacha pajiamkie penyewe, na nikaokoa kazi ya mwezi mzima.

2. Mvua inakatika Mei. Kwa nini nyasi zinaonekana salama Juni na Julai, halafu Septemba zinakwisha ghafla?

Kwa sababu hazikuisha ghafla. Mei udongo bado una akiba ya maji ya masika. Juni na Julai ni miezi ya baridi kwetu, usiku unapoa na nyasi hazinywi sana. Septemba akiba imekwisha, na papo hapo jua linakuwa kali, hewa inakauka, upepo unavuma mchana kutwa. Oktoba joto la mchana hupita nyuzi 30. Nyasi zenye maji ya kutosha kwa wakati huo hupoteza karibu milimita 5 za maji kwa siku. Zisipoyapata, zinafunga duka.

Watunza viwanja wa Ulaya na Marekani nao huogopa sana ukame wa majira yao ya kuchipua, kwa sababu unazikuta nyasi zimeshatumia chakula kilichohifadhiwa mizizini kutoa majani mapya. Kwetu hatari ya namna hiyo huja Novemba, mvua ya kwanza inapozidanganya nyasi kisha ikatoweka. Tazama swali la 19.

3. Nyasi gani inavumilia kiangazi cha huku?

Ukoka kwanza, bila ubishi. Ile inayouzwa kwa jina la bermuda ni jamaa yake, yenye majani membamba zaidi, na ndiyo inayotumika kwenye viwanja vingi vya gofu na vya mpira vya nchi za joto. Zote mbili zina mashina ya chini ya ardhi, na hicho ndicho kinga yao.

Paspalamu inavumilia pia na haichagui sana udongo. Nyasi ya pemba, ile yenye majani mapana, ni nzuri kivulini na kwenye nyumba yenye bomba la uhakika, lakini kwa uwanja wa kuchezea hapa Tabora sikushauri: mashina yake yote yako juu, yakiungua ndio basi. Kikuyu ni nyasi ya nyanda za juu zenye ubaridi. Tabora iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, lakini Oktoba yetu si Oktoba ya Njombe.

4. Nifanye nini ili uwanja ubaki wa kijani hadi Novemba?

Kama una kisima kirefu chenye maji mengi, pampu, na fedha ya umeme, soma maswali ya maji hapa chini. Kama huna, nakuomba ubadilishe lengo. Lengo la kiangazi ni kufikisha mashina yakiwa hai kwenye masika. Uwanja wa kahawia wenye mizizi hai hurudi ndani ya wiki tatu au nne za mvua. Uwanja uliolazimishwa kuwa wa kijani kwa maji ya kudokoa na mbolea ya chumvichumvi hufika Novemba umechoka, una mizizi mifupi, na vipara.

Najua mkuu wa shule au mwenyekiti wa timu anataka kuona kijani. Mchukue hadi uwanjani, mkwaruzie shina, mwonyeshe. Mtu akishaona weupe ule ndani ya shina kavu, mazungumzo hubadilika.

## Maji

5. Nimwagilie saa ngapi?

Kati ya saa 11 alfajiri na saa 2 asubuhi. Upepo umetulia, jua halijakausha hewa, na kwenye mitaa mingi presha ya bomba ni nzuri kabla watu hawajaamka. Ukimwagilia saa 7 mchana kwa sprinkla, sehemu kubwa ya maji inapotea hewani kabla haijagusa mzizi.

Jioni inakubalika ikiwa maji yenyewe yanatoka jioni tu. Watu huogopa ukungu wa majani, na kwenye masika woga huo una msingi, lakini hewa ya Septemba ni kavu mno kwa ukungu kustawi.

6. Ni lita ngapi hasa?

Kumbuka hesabu moja tu: milimita 1 ya maji kwenye mita moja ya mraba ni lita 1. Mengine yote yanatoka hapo.

Uwanja kamili wa mita 105 kwa 68 una mita za mraba 7,140. Kuupa milimita 10 kunahitaji lita 71,400, yaani yuniti 71 na ushee kwenye mita ya maji, au maboza saba ya lita 10,000. Ukitaka ubaki wa kijani, unahitaji kiasi cha milimita 25 hadi 30 kila wiki. Piga hesabu mwenyewe, zidisha kwa bei ya yuniti unayolipa, na utaona kwa nini nimejibu swali la 4 vile.

Kuziweka nyasi hai zikiwa zimelala ni jambo jingine kabisa. Ukoka uliolala unatosheka na milimita 10 hadi 12 kila baada ya wiki mbili hadi nne. Hazitakuwa kijani. Zitakuwa hai.

Kosa ninaloliona kila mahali ni la mtu anayeshika mpira wa maji kila jioni, anapitisha juujuu dakika kumi, vumbi linatulia, anafunga. Maji yale yanalowesha sentimita mbili za juu, nayo mizizi inafuata maji, inapanda juu, na siku bomba likikauka inakuta jua. Afadhali mara moja kwa wiki mbili, maji yashuke sentimita 15.

7. Nitajuaje kama maji yameshuka kweli?

Tafuta kipande cha nondo nyembamba au bisibisi ndefu. Saa moja baada ya kumwagilia, ichomeke ardhini kwa mkono. Inateleza kirahisi kwenye udongo uliolowa na kugoma pale unapoanza ukavu. Weka alama kwa kidole, chomoa, pima. Fanya hivyo sehemu kumi tofauti. Utashangaa jinsi uwanja mmoja unavyoweza kuwa na sehemu imelowa sentimita 15 na nyingine, hatua tatu mbele, sentimita nne tu.

Kwa sprinkla, panga makopo ya nyanya yaliyo sawa, hatua mbilimbili, kutoka kwenye sprinkla hadi ukingoni. Washa nusu saa, kisha pima kina cha maji kwa rula. Kopo likiwa na milimita 4 na jirani yake 12, sogeza sprinkla zikaribiane ili maji yapishane.

Kama ni mpira wa mkono, jaza ndoo ya lita 20 huku ukihesabu muda. Ikijaa kwa dakika moja, basi mita za mraba 100 zitapata milimita 10 baada ya dakika 50. Ndiyo, dakika 50. Leta kiti.

8. Maji niliyonayo hayatoshi uwanja mzima. Nianzie wapi?

Hili ndilo swali lenye thamani kuliko yote katika ukurasa huu, na jibu lake nilijifunza kwenye gofu. Kwenye ukame, mtunza uwanja wa gofu hagawi maji sawa kwa sawa. Anaanza na sehemu laini yenye shimo na kibendera, kisha sehemu za kupigia mpira wa kwanza, kisha njia kuu ya katikati. Pembezoni anapaacha pakauke. Anajua sehemu yenye shimo haizidi sana mita za mraba 500 au 600, na ikifa hakuna mchezo.

Uwanja wa mpira una sehemu zake kama hizo. Kisanduku kidogo cha mbele ya goli kina mita za mraba 100. Viwili ni 200, na milimita 10 kwa vyote viwili ni lita 2,000 tu. Hizo ni simtanki moja ndogo, au ndoo mia. Wanafunzi hamsini, kila mmoja safari mbili, kazi imekwisha kabla ya kengele. Ongeza duara la katikati na njia ya mshika kibendera, halafu kama kuna ziada ingia ndani ya boksi la penalti. Pembe za uwanja ziachie Mungu hadi Novemba.

Ukigawa lita hizohizo 2,000 kwa uwanja mzima, kila mita inapata chini ya theluthi moja ya lita. Hiyo haifiki hata kwenye mzizi wa kwanza. Ni sawa na kumwaga maji barabarani.

9. Namwagilia, maji yanakimbia juu kama kwenye turubai. Kwa nini?

Kuna sababu mbili na tiba zake ni tofauti. Kama ni mbele ya goli au njia ya watu, udongo umeshindiliwa. Tumia uma wa shamba: uchomeke hadi sentimita 8 au 10, utikise kidogo, uchomoe, sogea kiganja kimoja. Fanya hivyo siku moja baada ya kulowesha, wala si kwenye udongo mkavu, maana utapasua mabonge na kuanika mizizi juani.

Sababu ya pili hutokea kwenye udongo wa kichanga uliokauka mno. Masalia ya mimea iliyooza hufunika chembe za mchanga kwa utando kama wa nta, na mchanga unayakataa maji. Utaona tone limekaa juu kama ushanga. Hapo mwagilia kwa awamu: dakika tano, pumzika robo saa, dakika tano tena, mara nne. Kwenye gofu hutumia dawa maalumu ya kulainisha udongo. Wengine hutia sabuni ya kuoshea vyombo. Mimi situmii, kwa sababu nimeona majani yakibabuka, na awamu zinatosha.

Kama uwanja wako uko kwenye udongo mweusi wa mbuga unaopasuka nyufa, maji yanapotea kwa kuzama ndani ya nyufa badala ya kukimbia juu. Zijaze nyufa kwa mchanga uliochanganywa na mboji kwanza.

10. Naweza kutumia maji ya kufulia au ya kisima chenye chumvi?

Maji ya kusuuzia nguo, ndiyo. Ya kwanza yenye sabuni nyingi ya unga, au yenye dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, hapana. Yabadilishe mahali, usimwage pamoja kila siku, na masika ya kwanza yatasafisha kilichobaki.

Kuhusu kisima, ukoka na paspalamu vinavumilia chumvi kuliko nyasi nyingi, ila angalia udongo ukikauka. Ukiona ukoko mweupe juu na ncha za majani zimeungua, chumvi inajikusanya. Hapo maji kidogokidogo yanazidisha tatizo: ni heri kumwagilia kwa wingi mara chache ili chumvi isukumwe chini ya mizizi.

## Kukata, mbolea na samadi

11. Nikate nyasi fupi ili zisinywe maji mengi?

Kinyume chake. Jani refu linautia udongo kivuli, na urefu wa jani unaendana na urefu wa mzizi. Kwenye uwanja wa mpira wa ukoka, masika unaweza kukata sentimita 3. Kuanzia Juni pandisha hadi 4 au 5, na usiondoe zaidi ya theluthi moja ya jani kwa mkato mmoja. Zikishalala, acha kukata kabisa.

Noa kisu cha mashine. Jani lililokatwa na kisu butu lina ncha iliyochanika kama kamba ya katani, na kwenye kila mchaniko maji yanatoka. Wanaotumia fyekeo wawe waangalifu zaidi, maana fyekeo la hasira hukwangua hadi kwenye shina, na shina likikwanguliwa Agosti haliponi hadi masika.

12. Majani yaliyokatwa niyaache au niyakusanye?

Masika, yaache, yanaoza na kurudisha mbolea. Kiangazi yakusanye, kwa sababu ya mchwa. Tazama swali la 17.

13. Nimeambiwa niweke urea ili zirudi kijani. Ni kweli?

Usiweke. Nasema kwa uchungu, kwa sababu niliweka. Mwaka wangu wa pili kwenye kazi hii, muuzaji wa pembejeo mmoja alinihakikishia kwamba mfuko mmoja wa urea katikati ya Septemba utanipa uwanja wa kijani kwa ajili ya sherehe iliyokuwa inakuja. Nikamwaga kwa mkono, nikamwagilia kidogo nilichokuwa nacho. Siku ya nne nusu ya uwanja ilikuwa na mistari ya rangi ya chai, ikifuata hatua zangu na urushaji wa mkono wangu. Ungeweza kuhesabu nilipopita. Mistari ile ilionekana hadi Januari.

Urea ni naitrojeni asilimia 46. Bila maji ya kuishusha, inaunguza mizizi kwa chumvi, na sehemu nyingine hupotea hewani kama gesi kwa joto. Hata ikifanya kazi, inalazimisha majani mapya kwenye mmea usio na maji ya kuyalisha.

Wakati wa mbolea ya kiangazi ni Machi na mwanzo wa Aprili, mvua zingali zinanyesha, na kinachotakiwa zaidi ni potashi, inayosaidia mmea kudhibiti maji yake. Hapa kwetu hilo ni rahisi: mbolea ya tumbaku, NPK 10:18:24, ina potashi nyingi na inajulikana kila kijiji. Kilo 2 kwa mita za mraba 100 zinatosha. Uwanja mzima ni mifuko mitatu ya kilo 50. Inunue dukani. Ile aliyokopeshwa mkulima ni ya tumbaku yake, usimwingize kwenye deni.

14. Na samadi?

Ichakae angalau miezi mitatu, uichekeche, uitandaze nyembamba Novemba mwishoni au Desemba. Samadi mbichi ya ng'ombe italeta magugu ambayo utayang'oa mwaka mzima.

## Wachezaji, mifugo na wadudu

15. Mechi ziendelee wakati nyasi zimelala?

Ziendelee, lakini zipunguzwe. Nyasi zilizolala haziwezi kujitibu. Kila kiatu kinachokanyaga hutoa kitu ambacho hakirudishwi hadi mvua. Mazoezi ya kila siku ndiyo yanayoua, kuliko mechi ya Jumamosi. Yahamishie pembeni, nje ya mistari. Mazoezi ya kipa yasifanyike kwenye goli lenyewe: chomeka miti miwili mahali pengine.

Kama uwanja haujatiwa rangi ya kudumu, sogeza mistari mita tatu au nne upande mmoja kila mwaka. Kisanduku cha goli kinahama na majeraha ya mwaka jana yanapona. Kwenye gofu wanahamisha shimo mara kwa mara kwa sababu hiyohiyo.

Kipimo cha asubuhi: tembea hatua kumi, geuka. Nyayo zako zikibaki zimelala badala ya nyasi kuinuka, na rangi ikiwa ya samawati ya kijivu, nyasi zinaomba maji leo. Siku hiyo asiingie mtu.

16. Ng'ombe na mbuzi wanaingia uwanjani. Ni tatizo kubwa?

Septemba ni tatizo, kwa sababu uwanja wako ndio mahali pekee penye kitu cha kuguguna. Mbuzi anang'oa, ng'ombe anakanyaga. Uzio wa miiba husaidia, ila kilichonisaidia zaidi ni kwenda kwa wazee wenye mifugo mwezi wa Mei, kabla ya ugomvi, na kukubaliana kwamba majani yote ninayoyakusanya wanayachukua bure. Walionipa neno lao walilishika.

Na mtu akikushauri uchome moto ili nyasi zichipue vizuri, kataa. Moto kwenye mbuga ya malisho una hesabu zake. Kwenye uwanja unaondoa kivuli chote cha udongo katika miezi ambayo kivuli hicho ndicho kilichobaki. Tena upepo wa Septemba hauna mpaka, na msitu wa miombo uko karibu.

17. Mchwa wamejaa. Ndio wanaoua nyasi?

Kwa kawaida mchwa wanafuata kilichokwisha kukauka. Ukiona vifuniko vya udongo juu ya majani, vifunue: chini yake wanakula majani makavu. Shida ni pale majani makavu yakiisha na wao kushuka kwenye mashina yaliyolala. Kwa hiyo palilia kwa reki sehemu zenye tabaka nene la majani mafu, uyatoe nje, na vifuniko uvivunje kila asubuhi. Kichuguu kikianza ndani ya uwanja, kichimbe mpaka umpate malkia, kisha jaza na ushindilie.

Sumu nimeacha kutumia. Watoto wanacheza peku pale.

18. Mvua imeanza, nyasi zimechipua, halafu ndani ya siku tatu zimeliwa zote. Nini hicho?

Viwavijeshi. Vipepeo wao wa usiku husafiri na upepo wa mvua na kutaga palipo na majani machanga, na mlipuko mkubwa mara nyingi huja mvua za kwanza zinapofuata ukame mrefu. Wanapenda jamii ya nyasi: mahindi, mtama, na uwanja wako. Lowesha mita moja ya mraba jioni kwa maji yenye sabuni kidogo, watajitokeza juu ukawahesabu. Ukiwaona, mwarifu ofisa ugani wa kata siku hiyohiyo, kwa ajili ya mashamba ya jirani kuliko ya nyasi. Ukoka wenyewe utachipua tena.

## Hali za pekee

19. Mvua kubwa imenyesha mara moja mwishoni mwa Oktoba. Nianze kupanda vipara?

Subiri. Mvua moja ya Oktoba imewadanganya wakulima wa mahindi wengi, na nyasi ni vivyo hivyo. Acha nondo ya swali la 7 ishuke sentimita 15 kila mahali uwanjani, na iendelee kushuka hivyo kwa wiki moja bila wewe kumwagilia. Mara nyingi hiyo inakuwa katikati ya Novemba au baadaye.

Ukoka hauhitaji kununuliwa. Chimba vipande pembeni mwa uwanja, vikatekate mashina yenye vifundo vitatu au vinne, panda kwa mstari sentimita 15 kwa 15, kifundo kimoja kibaki juu. Kanyaga kila kipando kwa kisigino. Zuia watu kwa wiki sita.

Kama mvua ikikata baada ya nyasi kuamka, hapo ndipo zinapokuwa hatarini kuliko Septemba, maana akiba ya mizizi imeshatumika. Maji yote uliyonayo yapeleke kwenye vipando na visanduku vya goli, kila siku ya tatu, hadi mawingu yarudi. Ukavu wa Februari utautendea hivyohivyo.

20. Chini ya miembe hakuoti kitu hata nimwagilie vipi.

Mwembe una mizizi mipana na kivuli kizito, na ukoka hautaki kivuli. Acha. Weka mchanga au majani makavu, weka benchi. Watazamaji watakushukuru kuliko nyasi.

21. Viwanja vya gofu visivyo na maji vilikuwa vinafanyaje zamani?

Sehemu nyingi kavu za Afrika hawakuwa na nyasi kabisa kuzunguka shimo. Walitandaza mchanga uliochanganywa na mafuta mazito ya mashine ili usipeperuke, wakausawazisha kwa reki au mfuko mzito baada ya kila kundi kupita. Mchezo uliendelea. Mafuta nisingeyaruhusu leo karibu na kisima, lakini wazo la kuacha nyasi mahali pasipo na maji ni la busara. Kama mbele ya goli lako pamekufa miaka mitatu mfululizo, jaza mchanga safi wa mtoni uliochekechwa, kina cha sentimita 10, na kipa atadaka bila kuchubuka.

22. Niko Kigoma, nina pampu ziwani. Si ninaweza kumwagilia nitakavyo?

Una bahati, na mvua zenu pia huwahi kidogo kuliko zetu. Lakini maji ya Ziwa Tanganyika yana pH (kipimo cha asidi na alkali) inayokaribia 9, yaani ni ya alkali. Ukimwagilia hayo peke yake kiangazi kizima, mwaka baada ya mwaka, pH ya udongo nayo inapanda, chuma kinafungika humo, na nyasi zinakuwa za njano katikati ya mishipa ya jani ingawa zimelowa. Watu huona njano wakaongeza maji, na hali inazidi.

Tumia salfeti ya amonia badala ya CAN (mbolea ya naitrojeni yenye chokaa) wakati wa masika, kwa kuwa inashusha pH polepole, na tandaza mboji kila Desemba. Pima pH ya udongo mara moja kwa mwaka kabla ya kubadilisha chochote. Na pampu ikiharibika Septemba, usiogope: rudi swali la 1, kwaruza shina, kisha fuata swali la 8 kwa ndoo.